Chuma Kwenye Chapati

Kila asubuhi kabla ya shule, Dada alikuwa na kazi zake: kuwasha jiko, kubandika chai, kukoroga unga wa chapati za maji, kisha kumwamsha mdogo wake. Nje uani, baba yao alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa mchomeleaji. Mageti na madirisha ya nusu ya mtaa yalitoka mikononi mwake, na mashine yake ya kukatia vyuma iliwaamsha majirani mapema kuliko jogoo.

Mdogo wake waliyemwita Sisimizi, au Sisi kwa kifupi, kwa kuwa palipo na sukari hakosi, siku hizi hata sukari aliiacha. Akipanda ngazi za shule, anakaa chini kuhema. Midomo yake ilikuwa imepauka kama chaki. Juzi Dada alimkuta anabandua udongo wa ukuta na kuutafuna.

"Sisi, tema!"

"Mtamu, Dada."

Baba aliwapeleka zahanati. Foleni ilifika barabarani. Muuguzi, ambaye wote walimwita Sista, alimfunua Sisimizi kope, akamtoboa kidole, akasema bila kuinua macho, "Damu yake ni ndogo. Amepungukiwa chuma. Vidonge vimeisha. Mpeni chakula chenye chuma, mumrudishe wiki ijayo. Isipopanda, atalazwa aongezwe damu. Anayefuata!"

Baba alitoka akinung'unika. "Vimeisha! Kila siku vimeisha. Wakubwa wakishikwa na mafua wanapanda ndege kwenda kutibiwa nje. Mtoto wa fundi anaambiwa vimeisha."

Dada hakuyasikia hayo. Kichwani mwake yalibaki maneno mawili tu: aongezwe damu. Mama yao naye aliambiwa hivyo hivyo. Alikwenda kuongezwa damu, damu ikawa hakuna, na kilichorudi nyumbani kilikuwa nguo zake, zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko.

Baba alinunua ini. Sisimizi alifumba mdomo. "Linanuka." Dada akampikia mchicha. Akausukuma pembeni. "Mimi si mbuzi." Alichotaka ni chapati tu.

"Chapati hizi hazina chuma, Sisi."

"Basi kitie. Baba si ana chuma tele uani?" Alicheka kwa utani wake mwenyewe mpaka akaishiwa pumzi, akalala palepale mkekani.

Dada hakucheka. Neno lile lilimwingia sikioni kama mdudu, likagoma kutoka. Usiku alilala akisikiliza mdogo wake anavyohema. Kila pumzi ilipochelewa, yeye naye aliizuia yake.

Siku ya mapumziko Baba alienda kufunga geti la mteja. Dada akachuchumaa chini ya meza ya kazi. Vumbi jeusi lililotoka kwenye vyuma vilivyokatwa lilikuwa limerundikana pale, laini kama unga. Alilichekecha kwa kitambaa. Chuma ni chuma, alijiambia. Sista hakusema cha aina gani. Akachota kidogo, akakoroga kwenye bakuli la unga, akazidisha sukari ili ladha isijulikane.

"Leo zimenoga!" alisema Sisimizi, mashavu yamejaa. Kisha akakunja uso. "Ila zinakwaruza meno. Umetia mchanga?"

Dada aliinamia bakuli. Chini kabisa, kwenye masalia, kulikuwa na vipande vidogo vinavyometa. Alivigusa. Kimoja kikamchoma kidole, tone la damu likatoka.

Kama kidole kimechomwa, tumbo je?

Haukupita muda Sisimizi akajikunja mkekani. "Dada, tumbo."

Geti likalia. Baba aliingia akiwa ameshika nyundo, akamwona mwanawe. "Amekula nini?"

"Sijui, Baba. Labda udongo."

Uongo ulimtoka kama panya anayetoka shimoni, kabla hajauona. Baba alimbeba Sisimizi begani, akatoka mbio kuelekea zahanati. Dada akawafuata.

"Udongo tena," Baba alimwambia Sista, akihema.

"Basi itakuwa minyoo. Nitampa dawa ya minyoo, akapumzike nyumbani." Sista alikuwa ameshashika chupa.

Dada aliitazama ile chupa. Sisimizi akiinywa na kurudishwa nyumbani, hakuna atakayejua kilichomo tumboni. Upande mmoja aliuona mkono wa Baba ukiinuliwa kumpiga. Upande wa pili aliona nguo zilizokunjwa ndani ya mfuko.

"Si udongo!" Sauti yake ilipasuka. "Ni vumbi la vyuma. Nililitia mimi kwenye chapati. Mlisema hana chuma!"

Sista aliirudisha chupa mezani.

"Kumbe ndiyo maana zilikwaruza," alisema Sisimizi kwa sauti ndogo.

Baba akamrukia Sisimizi, vidole tayari kumtia kooni amtapishe. "Fundi, usithubutu!" Sista alimkamata mkono. "Vipande vikirudi juu vitamchana koo. Mwache hivyo hivyo." Akamwita daktari.

Daktari aliuliza vumbi lilikuwa kiasi gani, jembamba au nene, la chuma chenye rangi au kitupu. Safari hii Dada alijibu kila swali bila kuficha. Sisimizi akalazwa kitandani, akawa anapapaswa tumbo kila mara. Dada alikaa sakafuni, mikono katikati ya magoti. Mdogo wake akikohoa, yeye anasimama. Baba hakumgombeza. Hakumtazama hata kidogo, na hilo lilimwuma kuliko fimbo.

Jioni daktari alivua vifaa vyake masikioni. "Tumbo ni laini, na maumivu yamepoa. Tumshukuru Mungu vumbi lilikuwa kidogo. Akitapika, au mkiona damu chooni, mrudi mbio." Akamgeukia Dada. "Ungenyamaza, tungemtibu ugonjwa asiokuwa nao, kisha tukamrudisha nyumbani akiwa hatarini. Umeelewa?"

Dada aliitikia kwa kichwa.

Ndipo Baba akamgeukia Sista. "Na wewe, Sista, usiondoke. Mlimwambia mtoto chuma, mkamwachia hapo. Mtoto wa mchomeleaji akisikia chuma ataelewa nini? Dawa hamna, hata maneno nayo yamewaishia?"

Sista aliweka kalamu chini. "Una haki, Fundi. Foleni ilinipanda kichwani." Akavuta kiti, akakaa karibu na Dada. "Sikiliza, binti. Chuma cha karakana ni sumu na ni kisu. Chuma cha damu kimo ndani ya ini, maharage, dengu na mboga za kijani. Huyu mwenzetu anapenda kula nini?"

"Chapati za maji tu."

"Basi hukukosea chapati, ulikosea cha kutia. Chemsha ini liive, liponde mpaka lilainike. Changanya na unga, yai na kitunguu. Mpe na chungwa, linasaidia chuma kuingia mwilini. Chai asinywe na chakula, inakizuia."

Siku iliyofuata Sisimizi ndiye aliyepewa mwiko akoroge, maana mpishi hakatai chakula chake. Dada alimimina chapati ndogondogo, za kutosha kiganja. Kitunguu kilinukia mpaka Baba akazima mashine.

Sisimizi aliing'ata moja kwa wasiwasi, akautembeza ulimi juu ya meno. "Hazikwaruzi," akatangaza. Akachukua ya pili. "Zina nini?"

"Ini," alisema Dada, kwa kuwa alikuwa amechoka kuficha.

Sisimizi alisita, akaitazama chapati, akaitazama sahani. "Ini la hivi ni sawa," akasema.

Wiki iliyofuata damu ilikuwa imeanza kupanda. Wiki kadhaa baadaye Sista alisema kulazwa hakuna tena. Siku hiyo Baba alimwita Dada akae naye mkekani, sahani katikati.

"Mwanangu, hofu si kosa. Siku ile hata mimi niliogopa. Kosa ni kuiacha hofu iseme badala yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na jambo usilolijua, uliza. Ukifukuzwa, rudi uulize tena. Hao waliokaa mezani wanalipwa ili wakujibu." Akasugua viganja vyake vilivyoungua. "Kuanzia leo niulize na mimi. Sitakupiga kwa kusema ukweli."

Kisha akamsogezea Dada sahani. "Kula sasa. Umekonda kwa kumlisha mwenzio."