Kibonde Mbele ya Nyumba

Nyumba za mtaa wetu ni mpya, nje kidogo ya mji wa Nausori. Mbele ya kila nyumba kuna kibonde cha nyasi. Baba alikichukia cha kwetu.

"Dada yenu Vasemaca anaolewa mwezi ujao," alisema. "Wageni watanywa yaqona wapi? Ndani ya shimo?" Yaqona ni kinywaji chetu cha mizizi, na wageni hukinywa wakiwa wameketi chini pamoja.

Basi akakifukia, akamwaga zege juu yake mpaka mlangoni.

Peniasi alipita akacheka. Ni binamu ya Baba, tena mtani wake. Kazi yake ni kuchimba mitaro ya mji.

"Waisale, mvua imekuomba uijengee barabara ya kuingia kwako?"

"Nenda zako, uso wa popo!"

Wiki ile ile mvua kubwa ikanyesha. Maji yalitoka barabarani, yakateleza juu ya zege, yakaingia sebuleni. Huko ndiko ilikokuwa mikeka ya harusi ya dada yangu. Mama aliisuka mwaka mzima. Kwetu, bibi harusi haendi bila mikeka. Tuliinyanyua mbio, tukaipandisha mezani na vitandani. Mmoja ulilowa. Mama aliukumbatia. Baba alishindwa kumtazama.

Asubuhi Baba mwenyewe akamwita Peniasi.

"Leo popo ana kazi?" Peniasi alimtania. Kisha akachutama. "Maji yanataka mahali pa kutulia. Kibonde huyapokea, udongo ukayanywa polepole. Zege halinywi. Linayasukuma tu, kwako au kwa jirani."

"Na mbu je?" Mama aliuliza.

"Kikichimbwa vizuri, shemeji, maji hukauka kabla mbu hawajakua. Ila msitupe taka humo, wala msiegeshe gari. Udongo ukishindiliwa haunywi tena."

Tukavunja zege. Tukachimba kibonde upya, chini kuliko sakafu, tukapanda nyasi na magimbi. Bomba la maji ya paa tukalielekeza humo. Wageni tukawatengea uwanja wa nyuma, chini ya turubai.

Siku moja kabla ya harusi mvua ilirudi, kubwa kuliko ile. Sote tulikimbilia barazani. Maji yalishuka kutoka barabarani, yakaingia kibondeni, yakatulia. Mlango ulibaki mkavu. Baba alishusha pumzi, akaketi kwenye ngazi kama mtu aliyetua mzigo.

Mama alichungulia mara moja tu, akarudi kukuna nazi.

"Mbona mmesimama?" alituita. "Kesho wageni watakula mvua?"