Nyoka wa Tarehe Kumi na Tisa

Kila asubuhi shuleni, baada ya kukaguliwa kucha na kola, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alisimama mstarini kusoma "Siku Kama ya Leo". Jioni iliyotangulia alitakiwa kwenda maktaba, afungue kitabu kinene cha tarehe, kile chenye jalada lililoshonwa kwa uzi mweusi, anakili jambo moja lililotokea zamani tarehe ile ile. Kazi yenyewe ya robo saa tu.

Zamu ya tarehe kumi na tisa ilimwangukia msichana waliyemwita Redio, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Lakini jioni ile Redio aliruka kamba mpaka maktaba ikafungwa. Asubuhi akasimama na karatasi nyeupe pe, haina hata nukta. Watoto mia mbili wakamkodolea macho.

"Siku kama ya leo," akaanza, na macho yake yakatua kwenye tangi la maji kando ya jiko, "miaka ishirini iliyopita, nyoka mkubwa alikutwa amekufa ndani ya tangi la shule hii. Wanafunzi kumi na wawili walikunywa maji yale wakaugua."

Mstari mzima ukageuka kulitazama tangi. Mwalimu wa zamu, aliyehamia wiki iliyopita tu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Redio akashusha pumzi. Amepona!

Hakupona. Wakati wa mapumziko jua lilikuwa kali, na hakuna aliyesogelea bomba.

"Nenda ukanywe wewe," mvulana mmoja alimsukuma mwenzake.

"Mimi chura? Kunywa wewe! Leo ndiyo tarehe yake, huenda mwenzake amerudi."

"Nani kakwambia?"

"Redio kasoma. Kitabuni!"

Redio alisikia. Angesema ukweli, lakini wangemwita mwongo mpaka amalize shule. Akageuka, akarudi darasani.

Saa saba mchana, mdogo wake wa darasa la pili, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alianguka kwenye foleni ya chakula. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Mpishi wa shule, mama mnene mwenye mikono yenye nguvu, alimbeba hadi kivulini, akamletea kikombe cha maji.

"Kunywa, mwanangu."

"Sitaki! Ya nyoka! Dada kasema!"

Redio alikuja mbio, akapiga magoti. "Kitinda, kunywa. Hakuna nyoka. Nilitunga."

"Unanidanganya ili ninywe."

Hapo ndipo Redio alipoogopa kweli kweli. Uongo wake uliaminiwa mara moja. Ukweli wake mtoto aliukataa, naye alikuwa akilegea mbele ya macho yake. Akachukua kile kikombe. Yeye mwenyewe aliyemtunga nyoka alihisi kitu chenye utelezi kikigusa midomo yake. Akafumba macho, akanywa yote.

Kitinda alimkazia macho. "Hujafa?"

"Sijafa."

Ndipo mtoto akanywa. Kikombe kimoja, cha pili, cha tatu.

"Nipo jiko hili miaka ishirini na mitatu," mpishi alisema akimpepea mtoto kwa kanga. "Huyo nyoka wako mbona hakunisalimia? Haya, bado watoto wengine wana kiu. Twende kwa mwalimu."

Mwalimu wa zamu akapiga kengele. Redio alisimama tena mstarini, akaeleza yote, akanywa kikombe cha pili mbele ya wote. Wengine walimzomea. Kisha wakakimbilia bomba wakisukumana.

Mwalimu alimkabidhi kitabu cha tarehe na kalamu, akamwonyesha kurasa tupu za mwisho.

"Ungeniambia asubuhi kwamba hukusoma, ungefagia darasa, basi," alisema. "Anayesimama pale mbele huaminiwa na watu mia mbili. Ukiwa hujui, sema sijui. Hiyo aibu haijamwangusha mtu kwenye foleni. Sasa andika, na safari hii andika lililotokea."

Redio akaandika, polepole, kwa mwandiko wake bora: "Tarehe kumi na tisa. Watoto wa shule hii walishinda na kiu kwa sababu ya nyoka asiyekuwapo. Nilimtunga mimi."