Niliinyamazisha Taa, Nikaapa Gari Limepona

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa pumzi hadi leo ili niliseme jambo nililolificha kifuani miaka mingi. Yeye ndiye aliyenisitiri nilipokuwa dhaifu, na ndiye aliyenitia nguvu ya kuivua sitara hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Namshukuru kwa yote mawili.

Ndugu zangu wasomaji, nina miaka sabini na miwili. Nilikuwa fundi wa magari hapa Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Nimesoma chuo cha Kurani tangu utoto, na sijaacha sala tangu nilipobaleghe. Watu waliniita Fundi Shabani, mcha Mungu... Laiti wangejua!

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya kando ya ziwa kwenda Bujumbura haikupitwa na gari moja peke yake. Asubuhi magari yalikusanyika kituoni, yakaondoka kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Msafara huo tuliuita konvwa. Na konvwa ilikuwa na sheria moja tu: gari likiharibika njiani, halingojwi.

Kwa ajili hiyo sisi mafundi wa Rumonge tulikuwa na desturi yetu. Gari likitoka gereji, fundi wake alilisindikiza mwenyewe hadi kituoni. Mbele ya madereva na abiria aliweka kiganja juu ya boneti, akaapa kwa jina la Mungu kwamba gari limepona. Bila kiapo hicho, madereva hawakukubali gari lipangwe mstarini. Watu walipanda kwa kuamini kiapo cha fundi.

Rafiki yangu Hamisi, jirani yangu tangu utoto, alikuwa na gari, jipu ya Kijapani yenye gia ya otomatiki. Alibeba mawese na ndagala, yaani dagaa wa ziwani, na abiria wachache. Jipu hiyo ilikuwa nzito kuondoka ikiwa na mzigo. Kila konvwa iliposimama kwenye kizuizi na kuondoka tena, yeye alibaki nyuma. Akaniomba niitie nguvu.

Nikambadilishia konvertisa. Hicho ni chombo cha mviringo kilicho kati ya injini na giaboksi, kinachopitisha nguvu ya injini kwa njia ya mafuta. Nilipata ya gari kubwa zaidi, nikaifunga. Ndugu zangu, jipu iliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba! Hamisi alicheka hadi machozi.

Lakini siku ya pili taa ya njano kwenye dashibodi ikaanza kuwaka na kuzimika. Kila ilipofanya hivyo, gari lilijifunga kwenye gia moja na kutambaa. Nilihesabu mimweko ya taa, kwa sababu magari yale husema ugonjwa wao kwa idadi ya mimweko. Ilisema konvertisa inateleza. Nikafungua, nikakagua... haikuteleza hata kidogo! Taa ilikuwa inasema uongo.

Bi Mariamu, mke wa Hamisi, alinitania mbele ya gereji: "Shemeji, hii gari inanikonyeza tangu kule Kigwena! Mwambie mimi ni mke wa mutu."

Hamisi naye akachomekea: "Weye fundi gani, taa moja ndogo inakushinda? Ama tupeleke kwa Wakongomani?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini neno lile liliniingia kama mwiba.

Nilipopanda Bujumbura kutafuta vipuri, nilimweleza fundi mmoja Mkongomani aliyetoka Uvira, jina lake Elia. Huyo alikuwa na mashine ya kuzungumza na kompyuta za magari, tuliyoiita valizi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Muzee, kompyuta haina kosa. Iko na hesabu ya konvertisa ya zamani. Inaona mupya inazunguka tofauti, inafikiri ni ugonjwa. Lazima tuifundishe hesabu mupya, basi itanyamaza yenyewe."

Nikamwambia gari likitambaa haliwezi kufuata konvwa hadi kwake. Akajibu: "Rudisha ile ya zamani kwanza. Uje nayo. Mupya uibebe nyuma, nitaifunga hapa na kuifundisha. Lakini muzee, nakuomba... usiifunge kinywa. Siku moja itakuwa na neno la kweli."

Maneno hayo nayasikia hadi leo.

Kushusha giaboksi na kurudisha konvertisa ya zamani kungenichukua siku mbili mgongoni chini ya gari. Hilo ningeliweza. Nisichokiweza kilikuwa kiburi changu! Nilijiuliza, watu wa Rumonge watasema nini? Kwamba Shabani ameshindwa, Mkongomani kamfundisha kazi?

Nilirudi nyumbani, nikafanya kwa nusu saa jambo ambalo sijaweza kulifuta kwa miaka yote hii. Ndani ya giaboksi kuna kihisio kinachohesabu mizunguko na kupeleka habari kwa kompyuta. Nilikata waya wake. Mahali pake nikaunganisha waya wa mizunguko ya injini. Tangu hapo kompyuta ikawa inaambiwa, saa zote, kwamba injini na giaboksi vinakwenda sawasawa. Taa ikazimika. Gari likaruka tena.

Hamisi alinikumbatia. Sikumwambia nilichofanya. Nilisema tu, "Imekwisha."

Juma lililofuata, Bi Mariamu alitaka kwenda Bujumbura. Binti yao alikuwa amejifungua, mjukuu wa kwanza! Alishona vinguo vidogo vya njano, akavifunga kwenye kitenge, akamwonyesha kila aliyepita.

Asubuhi hiyo nililisindikiza gari hadi kituoni. Madereva walikusanyika. Mzee wa kituo akaniuliza, "Fundi, iko sawa?"

Nilijua taa ile haikupona, ilizibwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu lingetosha... Badala yake niliweka kiganja changu juu ya boneti, nikasema, "Wallahi, gari hili limepona."

Mimi, niliyefundisha watoto wa watu uzito wa kiapo! Mimi!

Adhuhuri habari zikafika. Baada ya Magara, kabla ya kuingia Gitaza, jipu ya Hamisi ilipoteza nguvu ghafla. Injini ilinguruma, magurudumu hayakuzunguka. Konvwa ikapita. Askari wa nyuma walipiga kelele watu wakimbilie lori la mwisho, lakini lilikuwa limekwishatangulia kwenye kona. Watu wenye bunduki walishuka kutoka mlimani. Abiria walikimbilia matete ya ziwani. Hamisi alipigwa risasi ya mkono. Bi Mariamu alikuwa na goti bovu... hakufika kwenye matete.

Wavuvi wa Gitaza walimrudisha Hamisi kwa mtumbwi. Walimrudisha na mkewe pia, amefunikwa kwa kitenge chake.

Msibani Hamisi alinishika mkono kwa mkono wake mzima, akanisimulia huku analia: "Shabani, tulisikia harufu ya mafuta kuungua tangu Magara. Nikatazama taa. Haiwaki. Tulikuwa tumesimama kwenye kizuizi, lori la mbele lilikuwa na nafasi. Nikamwambia Mariamu, tuhamie? Akaniambia, 'Kama fundi ameapa, twende zetu.'"

Ardhi ingefunguka ningeingia. Konvertisa ilikuwa imeanza kuteleza kweli safari hii! Taa ingewaka, wangehama wote. Lakini mimi nilikuwa nimeiziba kinywa.

Na Hamisi akaongeza, "Ndugu yangu, ahsante. Weye ulifanya yote uliyoweza."

Je, hapo ningeshindwa kusema? Nilishindwa. Mabaki ya gari yalipovutwa hadi gereji yangu, nilifunga mlango, nikautafuta waya wangu. Ulikuwa pale pale, haukuungua. Nikauchomoa, nikautupa ziwani. Hivyo nikaongeza dhambi juu ya dhambi.

Miaka tisa nilinyamaza. Nilifunga saumu, nilitoa sadaka, nilisali usiku. Kila mwaka Hamisi alifanya hitima ya mkewe, na kila mwaka alinikalisha kando yake, mahali pa heshima, akiwaambia wageni, "Huyu ndiye aliyejaribu kutuokoa." Nilikula wali wake ukashuka kama changarawe.

Mwaka wa tisa, ilipofika zamu yangu ya kusoma, ulimi ulikataa. Aya ninayoijua tangu nina miaka saba... ilipotea! Watu walidhani ni majonzi. Wageni walipoondoka nikamfuata Hamisi uani alipokuwa anakusanya vikombe vya chai. Nikamweleza yote. Taa, Elia, waya, kiapo, ziwa.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akaniuliza, "Siku ngapi ungehitaji kurudisha ile ya zamani?"

Nikasema, "Mbili."

Akatikisa kichwa. "Siku mbili... Tungekaa siku mbili, Shabani. Mutoto wa binti yetu asingekua akaondoka kwa siku mbili." Akafuta uso kwa kanzu. "Haki yangu nimekusamehe, ili nipate kulala. Ya Mariamu siwezi kuitoa, si yangu. Utamwomba mwenyewe, siku tutakayosimama wote mbele ya Mungu."

Tangu siku hiyo hajanialika tena kwenye hitima. Tukikutana msikitini tunapeana mkono. Simlaumu. Nashukuru hata kwa mkono huo.

Kituoni nilisimama Ijumaa iliyofuata, nikawaeleza madereva na mafundi wenzangu. Wengine walitema mate chini mbele yangu. Walikuwa na haki. Niliweka spana zangu chini, sikuapa tena juu ya gari la mtu.

Ndugu zangu, hasa ninyi mafundi wa leo wenye mashine na simu za kila aina, nawasihi! Taa ikisema uongo, tafuta kwa nini inasema uongo. Ifundishe, irekebishe, peleka kwa anayejua kuliko wewe hata kama utachekwa. Usiizibe! Kinywa kinachokosea leo ndicho hicho hicho kitakachokuonya kesho. Na wewe usiye fundi, unao mtu nyumbani anayekusumbua kwa maonyo yake? Usimnyamazishe kwa sababu jana alikosea.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akupe moyo wa kukiri kosa likiwa bado dogo, na wale unaowapenda awafikishe salama waendako. Amina.