Soseji ya Ijumaa Kuu

"Mwanakondoo katoka nyumbani," redio ilikoroma sikioni. "Anaelekea kanisani. Mikono mitupu."

Seweryn Gołąb wa idara ya usalama alikanyaga mafuta. Skoda Octavia ikakata kona na kumkosakosa mwendesha baiskeli.

"Rudia, afande. Hana kikapu?"

"Hana."

Basi mambo yameharibika.

Jumamosi Kuu kila mtu mjini Tarnów hubeba kikapu kwenda kubarikiwa: mayai, soseji, chumvi, mkate, na mwanakondoo aliyefinyangwa kwa siagi. Anayekwenda mikono mitupu, kikapu chake kinabebwa na mwingine. Na asubuhi hiyo, chumbani kwa Witold Marczak, ndiye Mwanakondoo wa redioni, wapekuzi walikuta nyaya na karatasi zilizofungia nusu kilo ya baruti. Baruti yenyewe haikuwapo.

Marczak huyo! Miaka miwili alikuwa akipayuka kwenye majukwaa ya chama chake kwamba Ulaya imemuuza Mungu, makanisa yamegeuzwa kumbi za dansi, wazee wanakufa bila sala, mipaka iko wazi kama choo cha sokoni. Seweryn mwenyewe aliamini nusu ya hayo, na bado anaamini. Ndiyo maana alitamani kumnyonga kwa mkono wake.

Aliyemfichua hakuwa jasusi. Alikuwa Bi Genowefa, mwenye nyumba aliyopanga Marczak.

"Amekaanga soseji Ijumaa Kuu," alisema jana kwenye simu.

"Wenye dhambi ni wengi, Bi Genowefa."

"Mwenye dhambi hufunga dirisha, mwanangu. Huyu alilifungua, akanibishia hodi na sahani mkononi. Eti karibu."

Waliomtuma kutoka ng'ambo ya mpaka wa mashariki walimfundisha sala zote, hata za Kilatini. Tumbo walilisahau: hawakumwambia kwamba Ijumaa Kuu nyama hailiwi.

Simu iliita. Alikuwa mama yake, Bi Leokadia.

"Sewek, kesho usichelewe. Yai lililobarikiwa nitaligawa mafungu manne: mimi, dada yako, shemeji yako na wewe."

"Uko wapi, mama?"

"Kanisani, mstari wa mbele. Leo nina heshima mimi. Bwana Witold kanipa kikapu cha chama nikibebe."

Seweryn alizidisha mwendo.

"Kiweke chini. Toka nje. Waambie wote watoke."

"Kikapu cha Pasaka nikiweke chini kama gunia la viazi? Umelewa mchana huu? Padri huyo anakuja."

Mama akakata. Akazima na simu, maana kanisani huizima.

"Afande, kikapu anacho mama yangu."

Redio ilikoroma.

"Watu wakianza kutoka, Marczak atabonyeza. Mkamate kwanza."

Seweryn alipofika, Marczak alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja wa kanisa, simu mkononi, akiwatabasamia wajane waliochelewa. Seweryn alibonyeza kisanduku kiunoni. Kilikuwa na ukubwa wa pakiti ya sigara, na kiliua mawimbi ya simu hatua mia kila upande.

Marczak alimwona. Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena.

"Mtandao unasumbua?" Seweryn aliuliza.

Bastola ya Walther P99 ilizama ubavuni mwa Marczak. Kisha Seweryn akashika kidole gumba kilichobonyeza, akakivunja taratibu, kama mtu anayevunja kuni kavu.

"Kuna saa ya kulipua ndani ya kikapu?"

"Hakuna."

Akavunja cha pili.

"Hakuna! Naapa kwa Mungu."

"Yupi?"

Alimburuta hadi ndani ya kanisa. Waumini mia mbili waligeuka, leso nyeupe zikiwa zimekwisha funuliwa juu ya vikapu. Padri aliganda na maji ya baraka mkononi. Seweryn alikinyakua kikapu magotini kwa mama yake, akakisukumiza kifuani kwa Marczak.

"Kama hakuna saa, tukae wote. Tubarikiwe pamoja."

Wakakaa. Marczak alitazama saa ya ukutani. Akaitazama tena. Jasho lilimdondokea kwenye mayai.

"Mwanakondoo," alinong'ona. "Chini ya kichwa kuna pini nyeusi. Ivute juu. Zimebaki dakika mbili."

"Kwa nini hawa? Wanakupenda."

"Ndiyo maana. Jioni ndugu zao wenyewe wangewalaumu wakimbizi na kuchoma hosteli yao. Sisi tungekaa tu kutazama."

Alinong'ona, na mstari wa mbele haukusikia neno.

Mbele ya altare, mbele ya watu wote, Seweryn alimng'oa kichwa mwanakondoo wa siagi. Mwanamke mmoja alilia kwa uchungu. Vidole vilichimba, vikaipata pini, vikavuta. Taa ndogo nyekundu ilizimika.

"Gołąb?" redio iliuliza.

"Limezimwa."

Bi Leokadia alisimama. Alimzaba mwanawe kofi hadi sikio likalia.

"Umemvunja vidole mtu wa Mungu. Umemng'oa kichwa Mwanakondoo altareni."

"Ni bomu, mama. Tazama nyaya hizo."

"Nazitazama. Nyie wa serikali ndio mlioziweka. Nani asiyewajua?"

Marczak, ameshatiwa pingu, aliona nafasi yake, akainama kwa heshima.

"Niombee, mama."

Bi Leokadia alimchorea msalaba kwenye paji la uso kwa kidole. Hicho ndicho kidole alichokuwa akimchorea nacho Seweryn kila asubuhi ya shule.

"Kesho usije," alimwambia mwanawe bila kumtazama. "Yai nitaligawa mafungu matatu."

"Sawa, mama."

Alimkabidhi Marczak kwa askari, akafuta siagi kwenye koti, akatoka bila haraka. Waliompisha mlangoni walivificha vikapu vyao nyuma ya migongo. Harufu ya soseji ilimfuata hadi kwenye gari. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu Alhamisi. Alikuwa bado amefunga.