Faili Lililogoma Tisini na Nne

Mwizi aliacha televisheni. Aliacha redio, aliacha tanuri dogo la umeme, hata kioo cha kompyuta alikiacha mezani. Alichobeba ni kasha la kompyuta peke yake. Tena kabla ya kulibeba alichomoa nyaya moja moja, akaukunja ule wa mtandao na kuuweka vizuri pembeni.

Inspekta Agata Salvatori aliutazama waya ule kwa muda. Alizaliwa Kigoma, akaletwa Marekani mdogo, na sasa alikuwa na miaka kumi na moja ya upelelezi jijini Louisville. Alishaona wezi wa kila aina, ila mwizi wa kukunja waya hakuwa amemwona bado.

"Mlango haukuvunjwa," alisema.

"Haukuvunjwa," akajibu Mzee Ezéchias, mwenye nyumba. "Ufunguo iko chini ya chungu ya maua. Kila mutu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Bote ba kanisa."

Agata akashusha pumzi. Alama za vidole za kanisa zima, basi kazi kwisha!

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tatu Oktoba 2015, mtaa wa Beechmont. Mzee alikuwa ametoka kusafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimekufa, na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alipanda basi kwenda kulala kando ya mashine kwa saa nne. Aliyeiba aliijua ratiba hiyo.

"Ndani ya kompyuta kulikuwa na nini, mzee?"

Mzee alikuwa mchungaji kule milima ya Kivu Kusini, kabla ya kambi na kabla ya ndege. Alikaa kwanza.

"Mashini si kitu, mama polisi. Lakini batu bangu bako ndani."

Akaeleza pole pole. Mwaka 2009 kambi yao ilivamiwa usiku. Asubuhi yeye ndiye aliyezika watu kumi na tisa, na kijana mmoja akapiga picha ya video. Mkanda ule alisafiri nao hadi Amerika mwaka 2012. Mwezi uliopita waliunakili kwenye kompyuta, na siku hiyohiyo mkanda wenyewe ukakatika. Jumamosi hii ndugu wote wangekusanyika Buffalo, upande wa East Side, kuwakumbuka wafu wao. Yeye na damu yake ya kusafishwa hawezi kwenda. Basi angalau sauti yake ifike.

"Mliutumaje?"

"Mucyo alitufanyia. Ni fundi, iko Columbus. Aliweka programu ku nyumba tatu. Ya kwangu inatoa, ya Columbus na ya Buffalo zinapokea, kipande kwa kipande. Bon, ikafika asilimia tisini na nne, ikagoma. Mucyo anasema na yake imegoma palepale."

Agata aliwahi kufanya kazi mwaka mzima katika kitengo cha makosa ya mtandao, akazoea vijana wanaogawana filamu za wizi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanagawana maziko. Akaomba namba ya Buffalo.

Aliyepokea ni Gracieuse, anayeishi na mama yake, Mukabutera. Mucyo ni kaka yake.

"Dada, umejaribu nini hadi sasa?"

"Yote. Mucyo alisema ni ruta, nikazima nikawasha. Akasema labda mlango wa programu umefungwa, nikafungua. Akasema kinga ya virusi inazuia, nikaizima. Nikafuta filimu zote za batoto, juu pengine nafasi haitoshi. Bado tisini na nne."

"Kabla ya wizi, ilikuwa inaendelea kushusha?"

"Sana! Mchana, usiku, kasi nzuri. Lakini asilimia haipande."

"Tazama chini kabisa. Kuna mstari wa data iliyotupwa. Unasema ngapi?"

"Gigabaiti kumi na moja." Gracieuse akasoma tena. "Dada, faili yenyewe ni gigabaiti mbili tu."

Agata akaacha kuandika. Yule binti alikuwa amehangaishwa bure wiki nzima, akifungua na kuzima vitu visivyo na kosa.

Programu hizi hupiga muhuri kila kipande siku faili linapoandaliwa. Kipande kikifika na muhuri haukubali, kinatupwa na kuombwa upya, kinatupwa na kuombwa upya. Ruta haina hatia hapo, wala virusi. Maana yake ni moja tu: mtu alilichezea faili huko Louisville baada ya muhuri kupigwa.

"Hicho kilichofika kinacheza?"

"Kinacheza. Dakika ya makumi ine na moja mzee anafungua karatasi asome majina. Hapo picha inakufa. Inarudi ku makumi ine na ine, batu banaimba."

Kumbe kuna mtu hakutaka jina fulani lisikike Buffalo. Agata akamgeukia Mzee Ezéchias.

"Mzee, kati ya hao kumi na tisa, nani ana mama Buffalo?"

"Isaro. Binti wa Mukabutera. Gracieuse ni mudogo wake."

"Na mama yake anajua kwamba alikufa?"

"Anajua!" Mzee alikasirika kidogo. "Nilipofika huku nilimuita Mucyo, nikamuambia uso kwa uso, nikamutuma kwa mama yake. Sisi habari ya kifo hatuipeleke ku telefone. Mutu anaenda. Anakaa. Anasema asubuhi, batu bako pembeni."

"Tangu siku hiyo umeongea na huyo mama?"

"Kila Noel."

"Alimtaja Isaro?"

"Jina la mufu haliitwe ku telefone, mama. Yeye anasema tunashukuru Mungu, na miye nasema tunashukuru."

Kisha uso wa mzee ukaanza kubadilika. Alikuwa mzee lakini hakuwa mjinga.

"Mucyo alimuambia mama yake nini?" akauliza, mwenyewe hajui anamuuliza nani. "Donc... basi hakusema?"

Agata aliagana naye bila kumjibu. Akapatana kwa simu na polisi wa Columbus, na kesho yake alfajiri akashika barabara kuu ya sabini na moja. Ni mwendo wa saa tatu na nusu, na njia nzima alitamani awe amekosea hesabu.

Mucyo alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa bado fulana ya kazi ya ghala, macho mekundu.

"Karibu, dada inspekta. Ni juu ya mashini ya mzee?"

"Ndiyo. Faili lako liliishia wapi?"

"Tisini na ine. Sawa na Buffalo."

"Sababu?"

"Ruta. Hizi ruta za huku ni mbovu."

"Wewe ni fundi, Mucyo. Ruta mbili, miji miwili, zigome kwenye namba moja?"

Mucyo akaanza tena habari ya ruta.

"Fungua programu."

"Iko na shida kufunguka."

"Tutasubiri."

Ilifunguka bila shida yoyote. Asilimia mia moja, imekamilika Ijumaa ya tarehe mbili. Kasi ya kutoa: sifuri, imefungwa kwa mkono.

"Ijumaa ulilipata zima," Agata alisema. "Ukalitazama. Jumapili yake ulikuwa wapi?"

"Louisville."

"Kufanya nini?"

"Kusalimia mzee."

"Na mzee alipotoka?"

Mucyo akaangalia sakafu. "Alienda kusindikiza mugeni. Unajua bazee bakisindikiza, banafika mbali. Nikapata robo saa."

"Ukafanya nini na robo saa?"

"Nikafuta ile dakika tatu. Nikaacha utupu wa urefu uleule, nikafikiri itapita. Sikufikiri juu ya muhuri. Miye, fundi, sikufikiri! Nilikuwa na haraka. Nikapanga nitarudi niandae faili mupya, lakini mzee akaanza kusema ataita fundi mwingine aiangalie. Huyo angeona. Jumanne nikaenda, nikabeba."

"Iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Sikuiharibu, ninaapa."

"Na hili lako, kwa nini hukulifuta?"

"Ni dada yangu, inspekta. Sina picha ingine ya siku yake."

Agata akavuta kiti. Aliishika kalamu lakini hakuandika. "Niambie ilivyokuwa mwaka 2012."

"Nilipanda basi mpaka Buffalo. Nilikuwa na maneno yote kichwani, mzee alinifundisha namna ya kusema. Mama alikuwa amepika. Hata sijavua viatu, ananiuliza: umepata habari ya Isaro? Miaka mitatu hatukusikia kitu. Nikafungua mdomo, ukasema: amepatikana, iko Burundi, anakusalimia." Akajifuta uso kwa fulana. "Mama alicheza. Na magoti yake mabovu, alicheza pale jikoni. Nikasema ukweli nitasema kesho. Kesho akaamka, akaenda kununua koti ya baridi ya Isaro. Ningesema namna gani? Kila dimanche, akitoka kanisa, ananipigia, na miye natunga salamu. Ananiuliza dosie ya Isaro ya kuja huku imefika wapi, nasema iko ku meza ya bakubwa."

"Na Jumamosi mzee angesoma jina lake mbele ya kanisa zima."

"Mbele ya mama."

Agata alimpigia Mzee Ezéchias, kwa kuwa yeye ndiye mlalamikaji. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Aende," alisema hatimaye. "Asubuhi. Akae. Aseme. Kisha mumushitaki, kama sheria inataka."

Hati ya kuitwa mahakamani Agata aliiandika palepale, kwa kosa la wizi, na Mucyo akaitia sahihi. Kisha Agata akamruhusu aende Buffalo, naye akamfuata kwa gari lake. Hakuna kifungu kilichomtuma kufanya hivyo, alikwenda tu.

Ijumaa, saa moja asubuhi, wazee sita wa kanisa waliingia sebuleni kwa Mukabutera, wakaketi bila kuomba chai. Mama yule alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja, akamtazama mwanawe, na mwiko ukamwanguka. Hakuwa amesikia neno hata moja bado.

"Ni Isaro," alisema.

"Ni Isaro, mama," Mucyo akajibu, amepiga magoti.

"Lini?"

"Miaka sita, mama."

"Na zile salamu?"

"Zilikuwa zangu."

"Kwamba anakumbuka namna nilikuwa namusuka?"

"Nilitunga, mama. Nisamehe."

Mukabutera alikaa chini sakafuni. "Miaka mitatu ninacheka na batu," alisema pole pole. "Ninanunua koti. Na mutoto wangu iko ku udongo, mama yake hajamulilia."

Gracieuse alitaka kumshika, mama akausukuma mkono wake. "Washa ile kitu," alisema. "Nataka kusikia."

Mucyo alikuwa amekuja na faili zima. Lilipofika dakika ya arobaini na moja, picha haikufa. Mzee Ezéchias, akiwa na nywele nyeusi bado, alifungua karatasi akaanza kusoma. Alisoma majina manane, akasoma la tisa: Isaro, binti wa Mukabutera.

"Ni wangu," Mukabutera akaitika kwa sauti kubwa. Ndipo akaanza kulia, na mle ndani hakuna aliyemwambia anyamaze.