Kinga ya Presi Namba Tatu

Uozo wote ulianza kufichuka Jumanne, tarehe kumi na nne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, pale barua ya wakaguzi wa usalama ilipobandikwa getini. Wafanyakazi walisongamana kuisoma, jasho la huyu likifutwa na bega la yule. Zilibaki siku tisa wakaguzi waje. Ndipo meneja, ambaye miaka sita hakukanyaga karakana bila kuziba pua, akakumbuka kwamba kila mashine yatakiwa kuwa na karatasi ya tathmini ya hatari: inaweza kumdhuru mtu vipi, na nini kimewekwa kumkinga. Akamtuma karani mpya akazijaze zote.

Karani alikuja na gauni la samawati, viatu vyeupe, na kofia ngumu iliyomwangukia hadi kwenye nyusi. Katika msongamano ule akamkanyaga mwanamume mrefu, ovaroli yake imegandamana kwa grisi. Huyo ndiye fundi wa presi ya kukunja mabati. Wenzake walimwita Nyundo.

"Samahani, kaka."

"Mimi sijaumia, dada. Kilichoumia ni hicho kiatu chako."

Akamwongoza hadi presi namba tatu. Karatasi ya mwaka jana ilisema presi ina kinga ya chuma mbele, ya kuzuia mikono isiingie. Karani akaitafuta. Akainama, akazunguka, akapiga magoti sakafuni. Nyundo akamwacha ahangaike kidogo, kisha akamweleza kwamba kinga iko stoo. Meneja aliamuru ifunguliwe kwa sababu inachelewesha kazi. Tangu hapo watu wawili wameacha vidole pale. Karani akatazama ule weusi uliogandia ukingoni mwa meza ya mashine, mafuta na kitu kingine.

Akaandika: kinga haipo.

Nyundo hakuwahi kuona mtu wa ofisini akipiga magoti kwenye sakafu ile. Kesho yake alioga mara mbili. Keshokutwa walikula pamoja nyuma ya stoo, na jioni simu zikaanza.

"Umenawa mikono, laazizi?"

"Nimenawa. Grisi imekataa talaka."

"Vidole vingapi vimerudi nyumbani?"

"Kumi. Huniamini, njoo uvihesabu."

Ijumaa, muda ukiwabana, karani alimwomba atie saini karatasi ya pili ya tathmini, ile ya majina, wakati ya kwanza, yenye maelezo ya mashine, bado inachapwa ofisini kwa meneja. Ndivyo walivyofanya wote kiwandani. Nani angesimamisha mashine asubiri kompyuta? Naye karani akatia yake hapo hapo. Nyundo alikuwa amekwisha kununua shati la kwenda kumwona shangazi wa karani, aliyemlea.

Kiwanda nacho kikapambwa. Rangi ya njano ikapakwa juu ya kutu, juu ya vumbi, juu ya mende waliochelewa kukimbia. Chooni, ambako watu walijipangusa kwa magazeti, ikaletwa sabuni moja, ikafungwa kwa waya.

Siku ya nane majalada yakatundikwa kwenye mashine. Nyundo akafungua lake. Karatasi ya kwanza ilisema: kinga ipo na inatumika. Ya pili ilikuwa na saini yake na ya karani. Akampigia karani simu.

"Mkono wangu ukikatika, karatasi hii itasema ni uzembe wangu. Umeniuza."

Akakata kabla hajajibiwa. Karani akashuka, akasoma, akapanda kwa meneja. Meneja alikuwa anachokonoa meno kwa kona ya kitambulisho chake.

"Kinga ipo," alisema. "Iko stoo."

Kesho yake wakaguzi walikuja, wakapewa maji ya chupa, wakatembezwa mbiombio. Kwenye presi namba tatu karani akatoka mstarini akishika nakala ya karatasi aliyoijaza siku ya kwanza, akasema mbele ya wote kwamba alichoandika yeye ni hiki, na kwamba karatasi ya kwanza imebadilishwa. Meneja akacheka. Mkaguzi mkuu akaagiza presi isimame, akaandika mstari mmoja katika kitabu chake, kisha akaenda kula na meneja. Ndio hao hao, sahani moja. Kabla ya adhuhuri karani alikuwa nje ya geti na barua ya kufukuzwa.

Nyundo akavua ovaroli, akaitupa sakafuni, akamfuata.

"Ulisema nimekuuza."

"Nilisema ujinga."

"Sikusikia vizuri."

"Nilisema ujinga, mpenzi. Nimeacha kazi, sina kitu. Nikubalie hivi hivi, Jumapili nikamwone shangazi."

"Shangazi hapendi grisi."

"Na wewe?"

Karani akamshika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja na nyuma yake. "Mimi nimeshaizoea," alisema. "Nimekubali. Ila mkono huu usirudi mle tena."

Akaapa hautarudi. Wakaanza kwenda, bega kwa bega, wakicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Hawakufika kona. Nyuma yao, ndani ya ukuta, kishindo kikatua, bati likalia, kishindo kikatua tena. Nyundo aliijua sauti ile ya presi namba tatu kama anavyojua kikohozi cha mama yake.

Karani akasimama.

"Wewe uko hapa na mimi," alisema. "Pale sasa iko mikono ya nani?"