Gamba Ndani ya Pochi ya Kostelka

Simu iliita mara moja ikakata. Ikaita tena.

Hynek Sova aliipokea akiwa na kisu cha samaki mkononi.

"Maji ya bwawa yameganda," ilisema kwa fumbo sauti ya mkuu wake wa ujasusi kutoka Praha, mji mkuu wa Cheki.

"Nitavunja barafu."

"Basi utavunja peke yako. Waziri kapiga simu asubuhi hii, kesi imefungwa. Ukikamatwa, hatukujui."

Laini ikafa.

Hynek alirudisha Nokia mfukoni, akasimama kando ya gari la samaki alilojifichia kama mchuuzi. Aliogopa, na hakuwa akijiogopea yeye.

Sisi tulioishi miaka ile wakomunisti walipoondoka tunamjua vizuri Radim Kostelka. Serikali ilipogawa viwanda kwa kuponi za hisa, kila raia na kijitabu chake, huyu bwana, fundi bomba wa jana tu, alitokea kwenye televisheni na suti ya kuazima. Nipeni kuponi zenu, akasema, nitawarudishia mara kumi. Wazee wetu wakampa. Baba yake Hynek, mchimba makaa, alimpa za kwake na za marehemu mkewe, na kilichorudi ni kalenda ya ukutani. Kostelka akanunua mgodi, kisha mitambo ya umeme. Mwisho akaumeza mtambo wa joto wa Habrov, ule unaopasha mji mzima kwa mabomba ya maji moto. Magazeti yakamwita shujaa wa nishati. Shujaa gani, jamani?

Sasa alikuwa anauuza mji wenyewe.

Wanunuzi walikuwa wageni kutoka mashariki, watu wa gesi. Walitaka joto la Habrov lizimike usiku wa Krismasi, mabomba yapasuke kwa barafu, serikali iwapigie magoti na kununua gesi yao kwa bei yoyote. Kostelka angelipwa kwa mitambo mingine. Alichotakiwa kuwapa ni kidude kimoja cheusi, kidogo kuliko kiberiti, ambacho bila hicho kompyuta ya mtambo hujiendesha yenyewe na haimtii mtu anayetaka kuuzima. Kilikuwa kimoja tu duniani, na wageni walikuwa wakikisubiri jioni hiyo.

Mzee Sova aliishi Habrov, ghorofa ya juu kabisa, mapafu yamejaa vumbi la mgodi. Daktari alishasema wazi: usiku mmoja wa baridi, basi. Hynek alikuwa amempigia kumbembeleza ahame. Mzee akamcheka. Aende wapi, na kwake kuna joto mpaka analala dirisha wazi? Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yao ya kila mwaka. Vyumba vile havina pa kupunguzia joto, ukiona linazidi unafungua dirisha, na Hynek akimkuta hivyo anamgombeza kama mtoto. Safari hii Hynek alikata simu kwa hasira. Baadaye theluji ikafunga barabara ya Habrov.

Ilibaki njia moja.

Pochi ya Kostelka haikumtoka mwilini, hata akioga. Kidude kilikaa humo. Lakini kwetu kila mtu anajua kwamba gamba la samaki tunayemla Krismasi huwekwa kwenye pochi ili fedha isikauke mwaka mzima. Wengi wetu tunafanya kwa mzaha. Kostelka hakuwa na mzaha. Gamba la kwanza mama yake alimtilia mwaka wa kuponi, na tangu hapo aliamini utajiri wote umetoka pale. Kila Krismasi alimpelekea mama pochi ili atoe gamba kuukuu na kutia jipya kwa mkono wake.

Hynek aliendesha gari hadi kijijini, akaliegesha langoni kwa bibi Kostelka, mama yake Radim, likaziba njia ya kutokea. Ndani ya ua ilikuwepo Mercedes nyeusi. Alifunga milango, akatupa ufunguo kwenye theluji, akabeba ndoo yenye samaki hai.

Bibi, aliyekuwa ameagiza samaki kwake, alimfungulia mlango wa jikoni. Mfupi, aproni ya maua, macho makali.

"Mbona umechelewa? Na hivyo viatu vyako vya mpira, simama hapohapo juu ya magazeti. Usinichafulie nyumba."

Kando ya mlango vilipangwa viatu vya wanaume, vizito, vyeusi. Ndani, walinzi wawili wenye bastola za CZ kiunoni walikuwa wamekaa kwenye benchi na soksi zao. Kwa bibi yule hata rais angevua.

Hynek alimpiga samaki kichwani kwa rungu dogo, akaanza kupara. Kisu kiliteleza, kikamkata kidole.

Kostelka akaingia. Tumbo kubwa, kandambili za sufi, uso wa mtu asiyelala. Alimbusu mama yake, akatoa pochi, akaishika kidogo kabla ya kuiachia mezani.

"Fanya haraka, mama. Nina watu."

"Leo Krismasi, mwanangu, watu gani tena? Hata Bozena wa Habrov nimemwambia atulie nyumbani kwenye joto, asije na theluji hii."

Bozena alikuwa dada yake bibi. Kostelka alitazama pembeni.

Bibi alifungua pochi, akamgeukia Hynek kuomba gamba. Hynek akanyoosha mkono wenye gamba na damu. Vidole vyake vikapita ndani ya pochi, vikatoka na kidude.

"Hee, wewe," mlinzi mmoja akasema. "Umeshika nini?"

Hynek alimrushia ndoo.

Maji yalimpiga usoni. Mlinzi wa pili alinyanyuka, akateleza kwenye magamba, akaangusha meza. Hynek alizoa viatu vyote mlangoni kwa mikono miwili, akavitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua, barafu ikapasuka. Akakimbia.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo.

Ya pili ilimpata begani.

Alianguka, akainuka. Theluji ilifika magotini. Nyuma walinzi walitoka na soksi, Kostelka akiwafuata na kandambili, wakafika kwenye gari lililoziba lango, wakatukana, wakaanza kurukaruka kwa baridi. Mguu wa binadamu una mpaka wake. Mmoja alirudi ndani, wa pili akamfuata.

Kostelka hakurudi.

Hynek alifika katikati ya bwawa la kijiji lililoganda, pale wavuvi walipoacha tundu kwenye barafu, akaishiwa nguvu. Damu ilitiririka hadi kwenye vidole. Alipogeuka, Kostelka alikuwa amesimama mbele yake, kandambili moja imebaki njiani, bastola ya mlinzi mkononi.

"Nipe."

Hynek alikishikilia kidude juu ya tundu. "Piga, kinaanguka. Baba yangu yuko Habrov, na wewe ulikula kuponi zake."

"Wataniua wale wageni. Unaelewa? Nimeshachukua chao." Kostelka alianza kulia. "Sema baba yako yuko mtaa gani, nimtoe leo hii kwa helikopta. Hata kuponi zake nitalipa. Mara kumi."

"Na Bozena, dada wa mama yako?"

Hynek alifungua vidole. Maji yalitoa mlio mdogo.

Kostelka alipiga magoti. Alijaribu kuvuta kifyatulio, vidole vikakataa, vilishakufa ganzi. Hynek alimnyang'anya bastola taratibu, nayo akaitumbukiza tunduni.

"Rudi kwa mama yako," alisema. "Chakula kinapoa."

Aliondoka bila kugeuka, akiifuata reli kuelekea stesheni. Jioni ilikuwa inaingia. Alifunga bega kwa skafu, akatoa Nokia. Hakumpigia mkuu wake.

Simu iliita sana.

"Nani tena?" Sauti ya mzee, na kikohozi chake.

"Mimi, baba. Uko salama? Mabomba yana moto?"

"Moto? Yananichemsha humu. Nimefungua dirisha." Mzee alingoja kugombezwa. "Haya, anza basi."

Hynek alisimama relini. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Liache wazi, baba," akasema. "Liache tu."